Maji Meusi Yanashuka

Jumatatu, 3 Machi

Leo Chungu kimekubali. Mpiko wa tisa — na mafuta yametoka! Si lami, si tope. Mafuta hasa, rangi ya chai ya rangi, yanapita kwenye chujio bila kubembelezwa. Bosi aliielekeza chupa dirishani, akainusa, akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka saba ya kuwaomba radhi wafadhili imekwisha. Bosi si mtu wa kukumbatiana. Leo alinishika bega.

Niandike vizuri, maana ripoti haina nafasi ya furaha. Nyuma ya kile kiwanda cha karatasi kilichofungwa kuna bwawa jeusi ti. Kwa miaka zaidi ya thelathini walimwaga humo maji waliyochemshia magogo. Ndani ya maji hayo mna lignini, ile gundi inayoushika mti ukasimama. Wenye karatasi walitaka nyuzi tu, gundi wakaitupa. Sisi tunayavuta maji kwa pampu, tunayapulizia hewa ukaa, lignini inaganda kama masimbi ya kahawa, tunaikausha. Kisha inaingia Chungu — ndivyo tunavyouita mtambo wetu wa chuma — pamoja na spiriti, haidrojeni na kichocheo, yaani chembe za nikeli zinazofanya kazi ya meno. Saa sita za moto na shinikizo. Mvuke unatoka na harufu ya vanila. Kinachobaki ni mafuta ya jenereta, na gundi ya mbao. Uchafu wa watu wengine, sisi tunautia motoni unakuwa mali.

Nimerudi nyumbani nanukia keki. Baba alininusa mikono. Kisha akauliza:

"Yamefika wapi?"

Maji, yaani. Nikamwambia yameshuka mita mbili. Akataka kujua ni vidato vingapi vya ngazi vimeonekana. Mimi hata sikujua kama kuna ngazi.

Jumanne, 4 Machi

Ngazi ipo. Ukuta wa mashariki, ya chuma, imevaa ukoko mweusi. Vidato vitatu viko nje.

Nilisimama pale saa sita mchana, jua utosini, na bwawa halikung'aa. Linameza mwanga. Hakuna mbu. Hakuna chura. Hakuna ndege anayetua. Fundi Pampu anasema wiki ya kwanza alitupa jiwe, na hakusikia mlio wa jiwe majini. Alisikia kama mtu aliyemeza mate. Yeye hulitania, hulitaja kama "mama mkwe": ukilitazama sana linakasirika, usipolitazama linakasirika. Leo nilipomuuliza habari za ngazi hakutania. Alisema jana haikuwapo. Nikamwambia jana ilikuwa chini ya maji. Akasema, ndiyo, ndicho anachomaanisha.

Baba alifanya kazi pale miaka ishirini na sita. Karani wa zamu, mshika kitabu cha mahudhurio. Kwa hiyo kujua ngazi si ajabu. Ajabu ni kuuliza. Tangu kiwanda kifungwe hajawahi kukitaja, hata kwa kukilaani kama wenzake.

Alhamisi, 6 Machi

Mpiko wa kumi, mzuri. Vidato sita.

Baba ana miaka sabini na nane. Anasahau kama amekula. Juzi alivaa shati la ndani juu ya shati. Lakini kila nikiingia mlangoni, kabla sijavua viatu: "Yamefika wapi?" Nikisema sita, anaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia. Shangazi, dada yake, tunayekaa naye, alitoka jikoni akamwambia amwache mtoto apumzike. Mimi mtoto, na mvi zangu hizi.

Jumamosi, 8 Machi

Baba amekuja kazini! Kwa miguu, peke yake, kilomita nzima na nusu, viatu vimeng'arishwa. Fundi Pampu alimkuta ameshika wavu wa uzio kwa mikono yote miwili, akamtolea kiti. Alikaa mpaka alasiri. Hakutaka maji ya kunywa. Hakutaka kofia. Nilimwona kupitia dirisha la maabara: hakuwa anatazama bwawa zima. Alikuwa anatazama pembe moja tu, ya magharibi, ambako sisi hatuna hata kifaa.

Njiani tulipokuwa tunarudi alinishika mkono, akauliza:

"Amefika wapi?"

Nikamsahihisha kwa upole. Yamefika, Baba. Maji. Akasema ndiyo, maji.

Jumanne, 11 Machi

Kichocheo kimekufa.

Jana mpiko wa kumi na mbili ulianza vizuri, saa ya tatu shinikizo likaanza kucheza, saa ya tano Chungu kikatoa lami nzito inayovutika kama ubani uliotafunwa. Chembe zile zilitakiwa zidumu mipiko thelathini. Tumeweka mpya leo asubuhi. Zimekufa kabla ya chakula cha mchana.

Mpiko wa kumi na moja nao, nikiangalia sasa, ulianza kulegea. Hatukuona. Tulikuwa tumefurahi mno.

Vidato kumi na moja. Bomba la pampu liko chini kabisa ya ngazi. Nimechoma sampuli ya tope la hapo, nimepeleka majivu kupimwa. Kuna kitu humo kinachong'oa meno.

Jumatano, 12 Machi

Majibu: kalisi na fosforasi. Nyingi, na ziko pamoja.

Kalisi peke yake ningeielewa, kiwanda kilitumia chokaa. Fosforasi hapana. Mti hauna fosforasi ya kiasi hicho. Bosi akasema huenda ni mbolea iliyoingizwa na mvua. Mashamba yako upande wa pili wa mto, nikamwambia, na maji hayapandi kilima. Akasema basi samaki. Samaki, katika maji yale! Ni magadi matupu, yanachubua ngozi. Kiumbe kikitumbukia humo, nyama inakuwa sabuni kabla ya mwezi kwisha. Kinachobaki ni

Nimeacha sentensi hiyo hapo hapo.

Feni ya ofisini imenipuliza siku nzima. Feni inazungushwa na jenereta. Jenereta, tangu Jumatatu, inakunywa mafuta ya mpiko wa kumi na moja. Niliinuka nikaizima, nikakaa na joto langu. Mwenzangu wa dawati la pili akauliza kama naumwa.

Nimenawa mikono mara tatu. Vanila haitoki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemuuliza Shangazi kuhusu Baba Mdogo.

Namkumbuka kidogo sana. Mdogo wake Baba wa mwisho. Bega, na kukaa juu ya bega, na mimi nagusa kizingiti cha juu cha mlango. Alikuwa mpakiaji wa magogo pale pale kiwandani. Nilipokuwa na miaka minne akaondoka kwenda mji wa mbali kutafuta kazi bora, ndivyo tulivyoambiwa, na hakurudi. Lakini aliandika. Kila mwaka barua moja kwa Bibi, na kwa kuwa Bibi hakujua kusoma, Baba ndiye aliyemsomea. Sote tulikaa kimya sebuleni. Bibi akiipokea karatasi baada ya kusomwa, anaikunja, anaiweka chini ya mto. Alikufa na barua kumi na tisa.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Nikamuuliza barua ziko wapi. Akanyanyuka, akaleta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda chake, akarudi kwenye mchele.

Nilifungua moja tu. Herufi k yenye mkia mrefu unaopita chini ya mstari. Nimeiona herufi hiyo kwenye kila ripoti yangu ya shule, pale mzazi anapotia maoni.

"Nilijua tangu ya pili," Shangazi akasema. "Mama hakujua kusoma, lakini kusikia alijua. Alikuwa anamsikiliza baba yako, siyo barua. Tukanyamaza wote watatu, kila mmoja akimlinda mwenzake."

Nikamuuliza, kwa hiyo Baba Mdogo yuko wapi. Akaniambia mchele wa siku hizi una mawe sana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Bosi. Yote, isipokuwa barua.

Alichezea kifuniko cha kalamu. Akaniuliza kama nina uhakika. Sina. Nina majivu na mzee mwenye kusahau. Akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, kwamba Alhamisi wanakuja wale wa kuamua kama tujengewe mtambo mkubwa. Tukisimama sasa bwawa litabaki. Na mvua za mwezi ujao zitalifurisha liingie mtoni kama mwaka ule watoto wa mtaa wa chini walipotoka malengelenge mdomoni. Ni kweli. Mimi ndiye niliyewapaka dawa.

Uamuzi wake: ngazini tusiguse. Pampu ihamie pembe ya magharibi, kwenye kina, ambako tope halijawahi kuvurugwa. Jumatatu Fundi Pampu apitishe reki chini ya ngazi. Kikipatikana kitu, yeye mwenyewe atapiga simu polisi.

Pembe ya magharibi. Ile ile aliyoitazama Baba.

Pampu imehamishwa saa tisa alasiri. Inavuta vizuri. Kila baada ya muda bwawa linatoa povu moja kubwa hapo ilipo, polepole, linatuna, linakaa, halipasuki. Linarudi chini zima zima.

Jumapili, 16 Machi

Baba alikuwa uani anamenya chungwa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamuuliza waziwazi: Baba Mdogo alikwenda wapi? Akaendelea kumenya, ganda moja refu lisilokatika. Kisha akaniuliza yeye.

"Mpiko mmoja unachukua saa ngapi?"

Sita, nikasema.

"Na baada ya hapo kinabaki nini?"

Majivu kidogo, Baba, yanayokaa kwenye chujio.

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole, kama mtu anayetia chumvi. Alivitazama vidole vyangu mpaka mkono ukaniuma, na nikaogopa kuushusha. Kisha akanigawia nusu ya chungwa. Tukala.

Jumatatu, 17 Machi

Reki imeleta buti.

Saa nne asubuhi. La mpira, refu, lenye nembo ya kiwanda kisiginoni. Fundi Pampu alilishika akiwa na glavu, akaliinamisha kumwaga maji, na badala ya maji kikashuka kitu cheupe kama chaki iliyolowa. Aliliweka chini taratibu, kama anayelaza mtoto. Akavua kofia. Akaenda nyuma ya gari na alikaa huko.

Bosi alipiga simu mwenyewe. Alitimiza ahadi, lazima niliandike hilo. Akaja afisa wa upelelezi, mtu mpole mwenye mafua, na vijana wake wanne wenye ovaroli. Wamezungusha utepe kwenye ngazi. Wamechota ndoo baada ya ndoo na kuchuja kwa wavu. Hadi jioni: buti la pili, bizimu ya mkanda, na vipande ambavyo sikuviangalia.

Afisa akauliza nani alikuwa anaweka kumbukumbu za zamu miaka hiyo. Bosi akanitazama, kisha akatazama viatu vyake.

Nikamjibu. Baba yangu.

Jumanne, 18 Machi

Afisa ameruhusu kazi upande wa magharibi iendelee. Utepe wake ni wa ngazi tu. Bosi anataka mpiko mmoja safi kabla ya wageni wa Alhamisi. Tope la magharibi limekauka vizuri, jepesi, rangi ya kahawia nzuri kuliko zote tulizowahi kupata.

Sampuli yake majibu bado. Kesho mchana.

Fomu ya kuwashia Chungu ina kisanduku kimoja, "hali ya malighafi". Bila kujaza, mtambo hauwashwi. Bosi alisimama mlangoni. Nikaandika: safi.

Herufi nne. Nikatia sahihi chini yake.

Nyumbani Baba ameomba shati lake jeupe lipigwe pasi. Anajua kesho anaitwa. Shangazi amelipiga mara mbili. Hajauliza maji yamefika wapi. Ni mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa bwawani, nimekaa kwenye kiti kile kile cha Fundi Pampu. Saa tano na nusu.

Chungu kimewashwa saa moja asubuhi. Kimebakiza saa moja na nusu.

Tumemleta Baba saa nne, mimi na Shangazi, mmoja kila upande. Afisa alimsalimia vizuri, shikamoo mzee, akampa muda wa kupumua. Kisha akampeleka ngazini. Vidato vyote viko nje sasa, ishirini na viwili, na chini yake tope lenye alama za miguu ya watu. Vitu vimepangwa juu ya turubai. Baba aliinama, mikono mgongoni, kama anayekagua bidhaa. Akaitazama bizimu ya mkanda. Afisa akamwambia pole mzee, tunaelewa ulikuwa na mdogo wako hapa.

Baba akasema, "Huyu si mdogo wangu."

Sauti yake! Sijaisikia sauti hiyo tangu nikiwa shule. Safi, ya ofisini.

"Huyu ni wa boila. Alikuwa na kigugumizi. Mkanda huu alipewa na mkewe." Akanyoosha mkono kuelekea pembe ya magharibi, kule bomba letu lilikozama. "Mdogo wangu yuko kule. Alishuka kumfuata mwingine aliyeteleza. Kamba ilikuwa fupi. Walikuwa wameomba reli ya kujishikia na kamba ndefu miezi minane."

Shangazi aliketi chini, pale pale kwenye udongo. Hakulia. Alikuwa anapangusa tu sketi yake, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Afisa akauliza kwa nini haikuripotiwa. Baba akamwambia iliripotiwa. Meneja alikuja na kitabu cha mahudhurio mwenyewe, akamwekea mbele, akamwonyesha mstari. Andika ametoroka kazi. "Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, ndiyo maana waliniweka. Wa kwanza nilibishana. Mdogo wangu alikuwa wa tatu."

Wa tatu.

Sikumbuki nilisimama vipi. Nakumbuka nilimuuliza mimi, siyo afisa. Nikamwambia, Baba, walikuwa wangapi?

Alitafuta mahali pa kukaa, nikampa kiti, nikapiga magoti kando yake. Afisa alikuwa ameshakwenda kando kupiga simu, anazunguka zunguka na kidole sikioni, mafua yamemkaba. Vijana wake wamesimama na ndoo mikononi. Mtu mwenye karatasi nilikuwa mimi tu, na karatasi ni daftari hili. Baba akaliona. Akasema andika. Kisha akafungua mkono wa kulia, akashika kidole gumba.

Yule wa boila, mwenye kigugumizi.

Yule mrefu aliyependa kuimba zamu ya asubuhi, hakuwa na jamaa hapa.

Mdogo wangu.

Na yule aliyefuatwa na mdogo wangu, mgeni, siku yake ya pili kazini, hata jina lake halikuwa limeingia kitabuni, kwa hiyo huyo hakuhitaji kuandikiwa kitu.

Fundi Pampu amekuja amesimama nyuma yangu. Anauliza pampu izimwe? Nimesema zima. Anauliza na Chungu je. Nimemwambia Chungu hakifunguliwi kikiwa na moto, mimi najua na yeye anajua. Bado amesimama. Bosi yuko mlangoni mwa maabara na karatasi mkononi, majibu ya sampuli bila shaka. Hajaja. Anayasoma tena kutoka juu.

Upepo umegeuka. Vanila hiyo, inakuja sasa, tamu, nzito, inatupita usoni sote. Shangazi amejifunika pua kwa mtandio. Baba ameinua uso, amevuta pumzi, muda mrefu, macho amefumba. Nilidhani ameishia hapo.

Hapana. Ananiuliza kama nimeshaandika wa nne. Nimeandika, Baba.

Amefika kidole cha mwisho. Fundi umeme, baba wa mapacha.

Amebadilisha mkono.